Mia na Themanini kwa Mia na Kumi

Presha ndiyo iliyonileta huku.
Daktari wa Kitete hakuandika vidonge tu,
aliandika TEMBEA, akapiga mstari chini yake,
nami niliyepiga chapa barua za reli miaka thelathini na mmoja
najua mstari chini ya neno una maana gani.

Basi Jumamosi, jua halijapata makali,
navaa viatu vya marehemu Kasubi,
namba tisa, soksi mbili mbili,
nashuka bodaboda penye kibao cha msitu
ambacho mchwa wamekila herufi ya kwanza.
Sasa kinasema IFADHI,
vile vile anavyotamka jirani yangu.

Wiki ya kwanza nilihesabu hatua.
Ya pili hesabu ikanipotea, kosa la mtundu:
Septemba, mbingu kavu, hakuna hata wingu la kudanganyia,
na mti umeshatoa majani mapya, mekundu,
laini, yananing'inia kama masikio ya mbuzi mchanga.
Nani kauambia?

Nikanunua daftari la shule,
kurasa arobaini na nane, jedwali la kuzidisha nyuma.

Septemba 21. Kwale sita.
Au watano, na mmoja alirudi.
Ua la njano, chini kabisa, bila shina, bila jani,
limechomoza kwenye majivu ya moto wa Agosti
safi, kama mtu aliyetoka kuoga.
Jina: sijui.

Septemba 28. Vinyesi, vyeusi, kama kunde zilizoungua.
Palahala, asema Nyanzobe, askari wa msitu,
binti mwembamba, bunduki nzito, mwanya mbele.
Mnyama mwenyewe hatukumwona.
Tuliona nyasi alipolala, nazo bado zimelala.
Nikaweka kiganja. Vuguvugu.
Nyanzobe akasema twende, mama, jua linapanda.
Nikamwambia ngoja kidogo.
Nakujua mahali pa namna hiyo,
panapobaki na joto baada ya mwenyewe kuondoka.

Oktoba 5. Ua la zambarau, koo la manjano,
kubwa kuliko ardhi iliyolizaa.
Bibi yake Nyanzobe alikuwa na jina lake, la Kinyamwezi.
"Limeniponyoka. Ngoja, litakuja."
Nimeacha nafasi kwenye mstari.
Liliota katikati ya njia ya baiskeli,
tukalizungushia mawe matano, tukacheka,
uzio wa kuzuia nini?

Oktoba 12. Niko peke yangu.
Nilisikia mnyororo kabla sijaona mtu,
kisha magunia mawili ya mkaa, marefu,
na nyuma yake kifua kinachovuma.
Nikajibanza kwenye mninga, kalamu mkononi,
mwanamke mzima, nachungulia kama mtoto wa jirani.
Akafika penye mawe.
Akasimama.
Akatazama chini muda wa kumeza mate mara mbili,
halafu akakunja usukani, gurudumu likaingia kwenye miiba,
mzigo ukayumba, akauwahi kwa bega,
akalizunguka ua lote,
akarudi njiani, akaenda zake.

Nikachora alama ya tairi inavyopinda.
Jina sikuandika, ingawa hili nalijua:
Mihayo. Jana magharibi, mlangoni kwangu,
aliniuzia debe moja, akaniongezea konzi mbili.

Nyanzobe akaja saa nne, anatweta.
Leo umeona nini, mama?
Nikamsomea:
mumbi wawili, ndevu nyekundu, wanatembea
kama makarani wanaokwenda kudai malimbikizo.
Jongoo. Uyoga, bado mdogo.
Ua la zambarau, lipo.

Na pale chini, penye mchoro,
niliweka kidole gumba,
ambacho bado kilikuwa na weusi wa jiko la asubuhi.